Tableti imejifunga? Okoa data kwanza, fundi baadaye

Huwa inaanza hivi. Tableti ilikuwa mezani, binamu wa miaka sita akaiokota kutafuta katuni, akabonyeza namba alizozibuni mwenyewe mara kadhaa, na sasa kioo kinakuambia usubiri. Au ni wewe mwenyewe: juzi usiku ulibadilisha pini kwa sababu unayeishi naye chumbani anapenda kuchungulia, kulipokucha kichwa kikawa cheupe. Ama mmeachiwa kifaa cha marehemu ambaye hakumwambia mtu namba yake. Kifaa kipo mkononi, chaji ipo, kioo kinawaka vizuri, lakini picha, notisi za chuo na zile video ulizorekodi ukingoja siku ya kuziposti hazifikiki.

Hapo wengi wetu tunajua pa kwenda. Ukiwa Nairobi utashuka Luthuli Avenue, ukiwa kwingineko utamtafuta yule jamaa mwenye kijimeza nje ya duka la M-Pesa. Fundi anaigeuza tableti mara moja, anaitazama nyuma, anasema hii ni ya kuflashi, acha soo tano upitie baada ya lisaa limoja. Ukirudi, kweli imefunguka. Imefunguka ikiwa tupu kama siku ilipotoka kwenye boksi.

Na usimlaumu sana. Uliomba ifunguliwe, akaifungua. Kufungua tableti na kuokoa kilichomo ni kazi mbili tofauti kabisa, na mara nyingi ile ya kwanza ndiyo inayoiua ya pili. Kuflashi au kuriseti maana yake ni kufuta. Hakuna fundi wa kuirudisha data hiyo kesho yake, hata akiwa na kompyuta tatu na nyaya za rangi zote.

Kwa hivyo kabla hujapanda matatu, kaa chini kidogo.

Kwa nini fundi hawezi

Kuna imani mtaani kwamba mahali fulani yupo mtu mwenye "kebo" au "boksi" la kufungulia kila kitu bila kufuta. Imani hiyo haikutoka hewani. Zamani mambo yalikuwa rahisi kweli. Kwenye Android 4.4 na zile za kabla yake, ukikosea mchoro mara kadhaa kulitokea kitufe cha kukuuliza kama umeusahau, ukaingiza akaunti yako ya Google, ukaingia ndani, kila kitu kikiwa salama. Zaidi ya hapo, data nyingi ilikaa kwenye kifaa bila kufichwa, kiasi kwamba mtu mwenye ujuzi angeweza kuisoma moja kwa moja bila kugusa pini.

Siku hizo zimepita. Apple ilikaza kamba mwaka 2014 na iOS 8, ambapo data nyingi ya mtumiaji ilianza kufungwa kwa ufunguo unaotegemea namba yake ya siri. Google ikafuata: kuanzia Android 6.0 mwaka 2015, vifaa vipya vyenye nguvu ya kutosha vilitakiwa kuficha data kwa msimbo tangu kiwandani, na kufikia Android 10 mwaka 2019 hata vile vya bei ya chini vilitakiwa kufanya hivyo. Tableti ya bei nafuu uliyonunua majuzi haina tofauti na ya bosi wako kwa jambo hilo.

Inavyofanya kazi si vigumu kuelewa. Pini yako si mlango tu. Inachanganywa na siri iliyofichwa ndani ya chipu ya kifaa hicho hicho, na mchanganyiko huo ndio unaozaa ufunguo wa kusoma data. Ukiing'oa memori ya ndani ukaipachika kwenye kifaa kingine, utapata takataka za herufi. Ukibahatisha pini, lazima ubahatishe kwenye kifaa chenyewe, na chenyewe ndicho kinachoamua ungoje muda gani. Pini ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 pekee. Kompyuta isiyozuiwa ingeimaliza yote kwa dakika chache. Ndiyo maana iPad inakuchelewesha: dakika moja, baadaye tano, baadaye kumi na tano, hadi saa nzima, na mwishowe inakataa kabisa. Na kama mwenyewe uliwasha ile mipangilio ya kufuta data baada ya makosa 10, basi la kumi likipita hakuna cha kuokoa humo ndani.

Ukifuta tableti, ufunguo huo unatupwa na mwingine unatengenezwa. Hata kama vipande vya data ya zamani bado vimelala kwenye chipu, hakuna tena cha kuvisomea. Hii ndiyo sababu zile programu za mtandaoni zinazojigamba kurudisha picha baada ya kuriseti hukula pesa zako tu. Nyingi za zile za kufungua kioo nazo hufanya kilekile alichofanya fundi, yaani kufuta, ila kwa dola.

Je, hakuna kabisa watu wenye uwezo wa kuingia? Wapo. Kuna kampuni kama Cellebrite ya Israeli zinazouza vifaa vya kuchunguza simu kwa polisi na serikali, na hata vyao hutegemea aina ya kifaa na toleo la programu iliyomo. Hiyo si huduma ya soo tano. Anayekuahidi kwamba ataifungua tableti ya juzi bila kupoteza hata picha moja, muulize swali moja: utalipwa kabla au baada? Jibu litakuambia mengi.

Kosa la San Bernardino

Hapa nitakupeleka mbali kidogo, kwa kuwa kisa kinachofunza kuliko vyote kuhusu jambo hili hakikutokea Luthuli. Kilitokea California.

Tarehe 2 Desemba 2015, mume na mke waliwapiga risasi na kuwaua watu 14 mjini San Bernardino, Marekani, kisha nao wakauawa na polisi. Mume alikuwa na iPhone 5C ya kazini, mali ya serikali ya kaunti, na ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri. FBI walitaka kujua kilichomo. Februari 2016 wakapata amri ya mahakama ya kuilazimisha Apple iandike programu maalum ya kuondoa vizuizi vya kubahatisha. Apple ikakataa, dunia nzima ikagombana juu ya faragha, na mwezi Machi serikali ikaachana na kesi baada ya kusema imepata msaada wa mtu wa nje wa kuingia kwenye simu hiyo.

Hiyo ndiyo sehemu inayojulikana. Sehemu ambayo watu husahau ni ndogo zaidi, na ndiyo inayotuhusu sisi wenye tableti zilizojifunga.

Simu ile ilikuwa imeunganishwa na iCloud. Bekapu ya mwisho ilikuwa ya Oktoba 2015, wiki kadhaa kabla ya shambulio. Apple walieleza kwamba kulikuwa na njia ya kujaribu: kuipeleka simu mahali penye waifai inayoifahamu, kuichomeka kwenye chaji, na kuiacha ijitumie bekapu mpya yenyewe. Kisha Apple, ambao walikuwa na uwezo wa kuwapa wapelelezi bekapu za iCloud kwa amri ya mahakama, wangewakabidhi. Lakini njia ilikuwa tayari imezibwa. Katika siku za kwanza baada ya shambulio, watu wa kaunti, kwa ombi la FBI, walikuwa wamebadilisha nywila ya akaunti ya iCloud ili waingie haraka. Simu haikuijua nywila mpya, na huwezi kuiingiza nywila mpya kwenye simu iliyofungwa. Machi 2016, mkurugenzi wa FBI wakati huo, James Comey, alikiri mbele ya wabunge wa Marekani kwamba kosa lilifanyika.

Soma tena hapo. Shirika lenye pesa na wataalamu kuliko fundi yeyote duniani lilijifungia njia moja muhimu kwa kubadilisha nywila kwa pupa. Ni jambo ambalo mimi na wewe tungefanya dakika ya kwanza bila kufikiri mara mbili.

Iache ijiokoe yenyewe

Basi tuirudishe hadithi hii nyumbani. Tableti yako imejifunga lakini iko kwako, haijaibwa. Iwapo haijazimwa tangu mara ya mwisho ulipoifungua, humo ndani bado inafanya kazi. Kalenda inasonga, barua pepe zinaingia, na ikiwa uliwasha kuhifadhi picha kwenye Google Photos au iCloud, zinaweza kuendelea kupanda huko juu hata kioo kikiwa kimefungwa.

Na hapa kuna jambo la kwetu kabisa. Wengi wetu tuliweka kuhifadhi picha kufanyike kwa waifai tu, kwa sababu bando si za mchezo. Halafu hatuna waifai nyumbani. Matokeo yake picha za miezi zimepanga foleni ndani ya tableti zikingoja mtandao wa bure ambao haujaja. Kwa hivyo fikiria: ni wapi tableti hii iliwahi kushika waifai yenyewe bila kuulizwa? Maktaba ya chuo? Kwa shangazi Umoja? Ofisi ulikofanya ataachimenti? Ile kahawa ya mjini mnakokaa saa nne kwa kikombe kimoja? Au hotspoti ya simu yako, ikiwa bado ina jina na nywila ileile? Ipeleke huko ikiwa imewaka, ichomeke kwenye chaji, uiache masaa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima. Kesho yake ingia kwenye akaunti yako kwa kifaa kingine uone kama kuna kilichoongezeka.

Sasa utaelewa kwa nini mambo fulani usiyafanye.

Usiizime. Ikizima na kuwaka upya, inarudi kwenye hali ambayo data yako nyingi imefungwa kabisa hadi pini iingizwe mara ya kwanza. Alama ya kidole haitakubaliwa, na hata hizo picha hazitapanda. Chaji isiishe! Tembea na pawabanki kama una safari.

Usibadilishe nywila ya Google au ya Apple kabla hujaipa tableti nafasi ya kujituma. Ukibadilisha, inaweza kutupwa nje ya akaunti papo hapo, ukawa umerudia kosa lile la California. Hili halihusu tableti iliyoibwa. Hiyo badilisha nywila sasa hivi, na uifunge au uifute kwa mbali. Heri ukose picha kuliko mwizi apate barua pepe zako.

Na usiendelee kubahatisha. Vidole hukumbuka kuliko kichwa, kwa hiyo iweke chini, fanya kazi nyingine, ulale. Kesho asubuhi ishike ulivyozoea kuishika, bila kufikiria namba, uone vidole vitaenda wapi. Nimeona hii ikifanya kazi kuliko ujanja wowote wa YouTube. Kama unatumia mchoro, kiinamishe kioo kwenye mwanga wa dirisha kabla hujakipangusa. Mafuta ya vidole huacha njia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliandika utafiti mzima kuhusu hilo mwaka 2010, wakitahadharisha kwamba mwizi naye anaweza kuiona. Wewe si mwizi, itumie.

Kwa wenye iPad ya iOS 17 kwenda mbele (kwenye iPad inaitwa iPadOS), kuna afueni nyingine. Ukibadilisha namba ya siri ukaisahau mpya, ile ya zamani bado inaweza kukuingiza kwa saa 72. Dirisha likipita, limepita. Baadhi ya tableti za Galaxy za miaka iliyopita nazo ziliruhusu kufunguliwa kwa mbali kupitia akaunti ya Samsung, mradi mwenyewe uliwasha huduma hiyo mapema. Jaribu kuingia kwenye akaunti hiyo kupitia simu nyingine, haikugharimu chochote.

Nini kimeokoka tayari

Watu hulia kabla ya kuangalia. Azima kipakatalishi au simu ya rafiki, fungua dirisha lisilohifadhi historia, uingie kwenye akaunti ya Google iliyokuwa kwenye tableti. Anza na Google Photos, utazame tarehe ya picha ya mwisho. Kisha Contacts, Drive, Keep, na kalenda. Kwa iPad, ingia iCloud.com. Mtu aliyedhani amepoteza kila kitu mara nyingi hukuta robo tatu ya maisha yake imekaa pale imetulia.

WhatsApp haipaswi kukutisha sana. Kwenye tableti huwa mara nyingi imeunganishwa tu na simu yako, kwa hiyo mazungumzo yenyewe yako kwenye simu. Telegram huweka mazungumzo ya kawaida kwenye seva zake. Ukiingia kwingine, yapo.

Memori kadi nayo ichunguze. Ikiwa uliitumia kama mfuko wa kawaida wa picha na muziki, izibue uitie kwenye simu nyingine au kwenye kompyuta, utaisoma vizuri. Lakini ikiwa siku ile ulipoiweka ulikubali igeuzwe kuwa sehemu ya memori ya ndani, jambo ambalo Android iliruhusu kuanzia toleo la 6.0, imefichwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya tableti hiyo hiyo. Kwingine haisomeki. Usikubali kompyuta inapokuambia uifomati.

Sasa uchungu uko wapi? Uko kwenye vitu ambavyo havikuwahi kuondoka kwenye kifaa. Drafti za TikTok hukaa kwenye kifaa chako tu. Ukifuta programu au kifaa, zimekwenda, hata akaunti ikiwa hai. Miradi ya kuhariri video mara nyingi ni hivyo hivyo. Sauti ulizorekodi, faili za PDF kwenye folda ya upakuaji, maandishi uliyoyaandika kwenye programu isiyo na akaunti, mashairi, biti, michoro. Kwa mbunifu chipukizi anayetengeneza kazi zake kwenye tableti kwa sababu hana kompyuta, hapo ndipo maumivu yalipo, na hapo ndipo uamuzi wa kufuta unapaswa kucheleweshwa. Hakuna sheria inayosema tableti lazima ifunguliwe leo. Iweke kabatini ikiwa imechajiwa. Pini inaweza kukujia ukiwa kwenye foleni ya benki.

Kizingiti kingine ni akaunti yenyewe. Unakuta mtu alifunguliwa Gmail na muuzaji wa duka siku aliyonunua kifaa, nywila hajui, na namba iliyoandikishwa ni ya laini aliyoitupa zamani. Laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, na ujumbe wa uthibitisho utaenda kwake. Kwa hali hiyo jaribu kurejesha akaunti ukiwa kwenye simu, mahali na mtandao uliouzoea kuutumia, kwani Google huyapima hayo inapoamua kama ni wewe. Ijaribu mapema pia: tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ambayo haijatumiwa kwa miaka miwili, pamoja na picha zake.

Si kila kufuli ni kufuli moja

Fundi akisema "imelokiwa", muulize imelokiwa vipi. Kuna tableti ambayo haina tatizo la pini kabisa. Kioo kimepasuka na hakisikii kidole. Hiyo ndiyo yenye bahati. Ikiwa unaona picha, nunua kile kiunganishi kidogo cha OTG, chomeka mausi ya kompyuta, na kishale kitatokea kwenye kioo. Bofya pini yako, ingia, hamisha vitu vyako. Ikiwa kioo ni cheusi kabisa, kubadilisha kioo hakufuti data, ila mwambie fundi waziwazi, mbele ya shahidi ukiweza, kwamba asiriseti chochote.

Kuna tableti ya mkopo, ya kulipa kidogokidogo kila siku, inayojifunga ukichelewa. Hapo kizuizi ni deni. Kwa kawaida ukilipa inafunguka na vitu vyako unavikuta. Fundi anayejitolea kuikwepesha kufuli hiyo ataifuta kwanza, na deni litabaki palepale. Mbaya zaidi, mikataba hii inasainiwa kwa haraka dukani, na wachache hujiuliza siku ya kuchukua kifaa: nikikwama wiki mbili, kazi zangu za chuo zitakuwa wapi?

Kuna tableti iliyokwisha kuflashiwa, na sasa inaomba akaunti ya Google iliyokuwamo awali. Kinga hiyo ililetwa na Android 5.1 mwaka 2015 ili kuwavunja moyo wezi. Apple walikuwa na yao tangu 2013. Ukiiona, ujue data imekwisha kuondoka. Hata ukimlipa mtu aipite, atakupa kifaa tu. Na kama ndiyo hali ya tableti unayotaka kuuziwa kwa bei ya kutupa mtaani, muuzaji asiyeijua akaunti hiyo huenda si mwenyewe.

Tableti ya ofisi au ya shule ina bwana wake. Anayesimamia vifaa pale huwa na uwezo wa kuondoa pini kwa mbali katika mifumo mingi. Mpigie yeye kwanza, kabla ya fundi.

Na kuna ya marehemu. Hii ndiyo ngumu, na si kwa sababu ya teknolojia peke yake. Familia inataka picha za mwisho, sauti, labda nakala ya hati ya shamba iliyopigwa picha. Apple wanasema wazi kwamba hawawezi kuondoa namba ya siri ya kifaa bila kukifuta. Wanachoweza ni kufungulia data iliyo iCloud kwa mtu aliyeteuliwa mapema kama mrithi wa akaunti, huduma iliyoanza mwishoni mwa 2021. Google wana mpango kama huo tangu 2013, ambapo mtu huchagua nani apewe nini akaunti ikikaa kimya muda fulani. Kwa asiyechagua, Google hupokea ombi la ndugu lenye hati za kifo na hulipima, bila ahadi ya kukubali. Kabla ya yote, tafuteni daftari lake. Wazee wengi huandika namba za siri nyuma ya kalenda, ndani ya Biblia au Kurani, kwenye kadi ya kliniki. Jaribuni miaka ya kuzaliwa ya wajukuu, ila kwa mpangilio na kwa kuhesabu mara mlizojaribu, si kila mtu akikiwahi kifaa kwa zamu yake matangani.

Kumbuka pia sheria. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kunaweza kukuletea faini ya hadi Sh5 milioni, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Tableti ya mpenzi mliyeachana haiko kwenye orodha ya vifaa vyako vya kuokolea data, hata kama picha ni zenu nyote.

Siku ya kufuta ikifika

Umengoja, umepeleka kwenye waifai, umechota kilichopo Google, memori kadi umeisoma, pini imegoma kabisa kukujia. Sawa, futa. Hata hapo humhitaji fundi.

iPad yenye iOS 15.2 au zaidi hukupa chaguo la kujifuta pale pale kwenye kioo kilichokataa, ikiwa iko kwenye mtandao na unajua nywila ya akaunti yako ya Apple. Ya zamani zaidi itahitaji kompyuta na kebo. Tableti nyingi za Android hufutwa kwa kuzimwa kisha kushikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti hadi menyu ya maandishi itokee. Vitufe hutofautiana kwa kampuni, kwa hiyo tafuta vya aina yako. Tableti yenye nafasi ya laini, itoe laini kwanza, pamoja na memori kadi.

Lakini kabla ya hapo, hakikisha unaijua nywila ya akaunti ya Google iliyokuwa ndani, maana itaulizwa baada ya kufuta. Na ikiwa imebidi uibadilishe, Google wanashauri usubiri saa 24 kabla ya kuriseti. Ukiiriseti mapema, tableti inaweza kukukatalia akaunti yako mwenyewe, na ndipo utajikuta Luthuli ukimlipa mtu kuondoa kufuli ya pili uliyojifungia kwa haraka zako.